Picha Iliyojikunja Haitaki Pasi

Katika mkutano wa Chama cha Sanaa uliofanywa mwanzoni mwa muhula huu palizuka ubishi ambao haukwisha hata kengele ya chakula cha jioni ilipolia. Ubishi wenyewe haukuwa juu ya mambo makubwa ya dunia. Ulikuwa juu ya karatasi moja iliyojikunja. Lakini kwa kuwa waliobishana walikuwa wengi, na kwa kuwa neno la mwisho bado halijasemwa, naomba nafasi katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu mbele ya wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu.

Karatasi hiyo ni picha ya maporomoko ya Kalambo. Si picha ya kamera, wala haikuchorwa kwa brashi. Ni picha ya chapa. Aliyeitengeneza alichukua ubao akauchonga kwa patasi ndogo, akaacha juu yale aliyotaka yaonekane na kuondoa yale asiyoyataka. Kisha akaupaka ubao wino mzito mweusi, akalaza karatasi juu yake, akaisugua mgongoni mpaka wino ukashika. Kila karatasi huchapwa peke yake, kwa mkono. Chini ya picha yetu pameandikwa kwa penseli 4/10, maana yake ni karatasi ya nne kati ya kumi zilizochapwa. Aliyeichonga alisoma hapa kwetu Mwimbi zamani, naye akaileta mwaka jana iwe zawadi kwa shule. Ubao wenyewe, alituambia, uliliwa na mchwa. Basi hapana njia ya kuchapa nyingine.

Picha ilifika mwezi wa Oktoba ikiwa imeviringwa ndani ya bomba la plastiki. Sisi wanachama, kwa furaha yetu, tuliigandisha juu ya kadibodi siku ile ile kwa gundi ya uji wa unga wa ngano, tukapaka kingo zote nne, tukaitundika. Ilikaa vizuri kwa majuma machache tu. Mvua zilipoanza ikafura katikati, na kufika mwezi wa Machi ilikuwa na mawimbi kama ziwa siku ya upepo. Maporomoko yaliyosimama wima yakaonekana yamepinda. Kosa hilo ni letu wanachama, na mimi nilikuwa mmoja wao aliyeshika brashi ya gundi.

Sasa twataka picha hiyo iwekwe katika fremu yenye kioo kabla ya mahafali. Lakini itanyooshwaje? Wenzangu wengine wasema, ipigwe pasi, kama tunavyopiga pasi mashati yetu. Wengine wamekubaliana na fundi seremala mmoja aliyetushauri tuipake gundi ya mbao mgongoni kote na kuigandisha moja kwa moja juu ya plaiwudi, isipate kujikunja tena milele. Mimi nasema njia zote mbili ni mbaya. Karatasi iliyojikunja hulainishwa kwa unyevu kidogo, hulazwa chini ya uzito kwa siku nyingi, na ikiisha kunyooka huachiwa nafasi ya kupumua ndani ya fremu yake.

Huenda mtu akauliza, kijana wa miaka kumi na saba ameyajulia wapi mambo hayo? Nitajibu kwa kweli, ijapokuwa jibu lenyewe lanitia haya.

Nyumbani kwetu mama yangu ana picha ya chapa. Ni picha ya mwanamke anayepepeta ulezi. Ilichongwa na mjomba wangu, ndugu yake mama wa tumbo moja, ambaye alikuwa seremala na kwa jioni nyingi alikaa akichonga picha katika mabaki ya mbao. Alimpa mama picha hiyo siku ya arusi yake. Mjomba alifariki nilipokuwa Kidato cha Kwanza, na baada ya msiba mama aliitoa picha nyuma ya kabati ili aitazame, akakuta imejikunja kama jani la mgomba lililokauka. Likizo ya Desemba mwaka uliofuata, mama alipokuwa shambani, niliona vema nimfurahishe. Nikawasha pasi ya mkaa, nikatandaza blanketi juu ya meza, nikaipiga pasi picha ya mjomba.

Sitaki kueleza sana. Karatasi ile ilikuwa kavu, na pasi ya mkaa haina kipimo cha moto. Yale mawimbi hayakuondoka, bali yalikandamizwa yakawa mikunjo yenye makali. Kando ya uso wa yule mwanamke pakatokea doa la rangi ya chai, lenye umbo la ncha ya pasi. Mama aliporudi hakunigombeza. Aliitazama muda mrefu, akasema, “Ungeniuliza kwanza, mwanangu.” Kisha akaitundika ukutani vile vile na doa lake, nami tangu siku ile nimepita mbele yake kila asubuhi ya kila likizo.

Ndiyo sababu, ndugu zangu, niliposikia neno “pasi” katika mkutano wetu nilisimama kabla sijapewa ruhusa.

Baada ya kosa hilo nilianza kuuliza na kusoma. Mwalimu wetu wa kemia alinisaidia sana kufahamu karatasi ni kitu gani. Karatasi ni nyuzinyuzi za mimea, ndogo mno, zilizochanganywa na maji, zikachujwa na kukaushwa zikiwa zimeshikana. Nyuzi hizo hupenda maji. Hewa ikiwa na unyevu huunywa na kunenepa. Hewa ikikauka huutoa na kukonda. Tena haziongezeki sawasawa: uzi mmoja hunenepa sana kwa upana lakini kwa urefu huongezeka kidogo tu. Katika karatasi zilizotengenezwa kwa mashine nyuzi nyingi zimelala upande mmoja, kwa hiyo karatasi nzima hutanuka upande mmoja zaidi ya mwingine. Mwenye kutaka kuhakikisha achukue karatasi ya gazeti aipasue kwa upande mmoja, kisha kwa upande wa pili. Upande mmoja itapasuka karibu na mstari ulionyooka, na upande wa pili itakwenda mrama. Ule uliopasuka vizuri ndio mwelekeo wa nyuzi.

Sasa tufikiri juu ya picha yetu ya Kalambo. Mvua zilipokuja karatasi ilinenepa, nayo ilitaka kutanuka. Lakini kingo zake zote nne sisi tulikuwa tumezifunga kwa gundi. Ingekwenda wapi? Ilikuwa haina njia ila kuinuka katikati. Kwa hiyo mawimbi yale hayakuwa ukaidi wa karatasi. Karatasi ilifanya kama ilivyoumbwa kufanya. Ukaidi ulikuwa wetu tulioifunga.

Nasi twakaa mahali ambapo jambo hili ni zito kuliko mahali pengine. Katika uwanda wa juu wa Ufipa mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na katika miezi hiyo hata chumvi ndani ya kopo hushikamana. Kisha huja kiangazi, na mwezi wa Juni na wa Julai baridi kavu na upepo hupasua midomo yetu. Kila mwaka karatasi zetu hunenepa na kukonda, hunenepa na kukonda. Si maji peke yake yaharibuyo, bali kubadilika-badilika huku. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba karibu na maporomoko hayo hayo ya Kalambo, upande wa Zambia, yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine na mikono ya watu wa kale, nayo yana umri wa miaka isiyopungua 476,000. Miti hiyo ilidumu kwa sababu ilikuwa imelala katika udongo uliojaa maji wakati wote, bila kukauka na kulowa tena. Mti uliokaa ndani ya maji umeishi umri huo wote, na karatasi yetu ilipotoka kiangazi kuingia masika moja tu ikapinda!

Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi huambiwa methali hiyo tunapokosa adabu, lakini mimi naona yafaa pia kwa karatasi. Kila mtu hapa amewaona migebuka wakavu waletwao kutoka Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Mjaribu kumkunja mgebuka mkavu, atavunjika mkononi. Karatasi kavu nayo, ukiilazimisha kwa nguvu au kwa moto, nyuzi zake hukatika au hukauka zaidi na kuwa dhaifu. Lakini ukiirudishia unyevu kidogo, nyuzi hulegea na kukubali kulala upya. Pasi hufanya kinyume: hukausha kile kinachotaka kulainishwa.

Nitaeleza tulivyofanya, ili mwenye picha nyumbani aweze kufanya vivyo hivyo.

Kabla ya kugusa picha tulijifunza kwa karatasi zisizo na thamani, yaani michoro yetu ya zamani, tukaziharibu tatu. Kisha tulinawa mikono, tukasafisha meza, na kufuta vumbi la picha kwa brashi laini. Tulijaribu wino kwa pamba yenye unyevu katika pembe moja ndogo, ili tuone kama utatoka. Wino huu wa chapa ni wa mafuta, haukutoka. Picha ya rangi za maji, au iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, au iliyotolewa na mashine nyingi za kompyuta, yaweza kuyeyuka mara moja, na mwenye picha ya namna hiyo asithubutu kuendelea.

Tulichukua tranka la bati la mwanafunzi mmoja, tukalitandika plastiki ndani ili kutu isitoke. Chini tuliweka taulo iliyoloweshwa na kukamuliwa. Juu ya taulo tulisimamisha vikombe vinne, na juu ya vikombe wavu wa waya uliofunikwa kitambaa safi, na juu ya kitambaa tukalaza picha pamoja na kadibodi yake. Picha haikugusa maji hata kidogo. Chini ya kifuniko tuliweka kitambaa kikavu, matone yasidondoke juu yake, tukafunga. Kila baada ya nusu saa tulifungua kutazama. Bahati yetu njema gundi ya uji hulegea kwa unyevu. Baada ya saa mbili kingo ziliachia zenyewe, na muda si mrefu karatasi ikawa laini kama kitambaa cha kanga. Isiachwe humo usiku kucha, maana ukungu huota.

Hapo tuliilaza kati ya karatasi mbili nene nyeupe za kuchorea zisizoandikwa kitu. Nje yake tuliweka vitambaa vya pamba vilivyofuliwa, kisha ubao wa kuchorea, na juu ya ubao vitabu vilivyopangwa sawasawa. Tusitumie magazeti, kwa kuwa wino wake huhamia kwenye picha. Baada ya nusu saa tulibadilisha karatasi zilizonyonya unyevu na kuweka kavu; tukabadilisha tena baada ya saa tatu; kisha kila siku kwa juma moja. Baadaye tuliiacha tu. Kwa jumla ilikaa chini ya uzito siku kumi na nne.

Siku kumi na nne! Nalijua litakalosemwa. Pasi ingemaliza kazi kwa dakika mbili. Lakini wakulima wa Ufipa hufukia nyasi katika vilima vya udongo mwisho wa mvua, wakangoja zioze, na msimu ufuatao huvitawanya na kupanda shamba lililonenepa. Hakuna aliyewahi kuwaambia wazichome nyasi kwa pasi ili zioze upesi.

Rafiki yangu mmoja wa bweni alinipinga kwa maneno ya werevu. Alisema, “Babu zetu Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo mabaki yake bado yaonekana. Walinyoosha chuma kwa moto na nyundo, sembuse karatasi?” Nilimjibu kwamba hao babu zetu walikuwa mafundi hasa kwa sababu walijua kila kitu kina tabia yake. Yule aliyefua jembe kwa moto hakufua mkeka kwa moto. Chuma hulegea kwa moto, karatasi hulegea kwa unyevu. Kutojua tofauti hiyo si nguvu, ni uharibifu.

Wala njia hii si mchezo wa wanafunzi wa kijijini. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika katika mji wa Florence, nchini Italia, na maji yenye tope na mafuta yakaingia katika Maktaba ya Taifa na kulowesha vitabu na karatasi za karne nyingi. Vijana wengi, miongoni mwao wanafunzi, walikuja kutoka nchi mbalimbali, wakasimama katika misururu wakipokezana vitabu vilivyojaa tope. Watu wakawaita malaika wa tope. Karatasi za kunyonya maji ziliwekwa kati ya kurasa na kubadilishwa tena na tena, na vitabu vingine vilipelekwa kukaushwa katika mabani ya tumbaku. Sisi watu wa Tanzania twayajua mabani ya tumbaku. Nani angefikiri kwamba yaweza kuokoa kitabu? Kazi ya kutengeneza yaliyoharibika iliendelea kwa miaka mingi, na mafundi wa karatasi duniani walijifunza mengi kutokana nayo. Mafundi hao waliokoa hazina kwa unyevu uliopimwa, karatasi za kunyonya, uzito na subira. Sisi nasi tunavyo vyote vinne.

Sasa nije kwenye shauri la gundi na plaiwudi, ambalo ndilo linalosubiri kuamuliwa. Namheshimu sana fundi aliyelitoa, maana fremu zake ni nzuri na mkono wake ni thabiti. Tena nakiri kwamba picha iliyogandishwa juu ya ubao itaonekana imenyooka siku ya mahafali. Lakini picha haiishi siku moja. Plaiwudi nayo ni mti, hunenepa na kukonda kwa kipimo chake, na karatasi kwa kipimo chake. Tukivifunga pamoja vitavutana kila mwaka mpaka kimoja kishindwe, na kitakachoshindwa ni karatasi. Kadhalika asidi iliyomo ndani ya mbao na gundi nyingi hugeuza karatasi kuwa ya manjano. Na jambo kubwa kuliko yote ni hili: gundi ya mbao ikishakauka haitoki. Tukigundua baadaye kwamba tumekosea, hatutaweza kurudi nyuma. Gundi ya uji ilitusamehe. Gundi ya mbao haisamehi.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Picha ining'inizwe kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba, vilivyopakwa uji wa ngano, viwe juu tu mgongoni mwa picha. Pande nyingine tatu ziwe huru. Isitumiwe selotepu, maana huacha doa la kunata lisilotoka. Mbele ikatwe kadibodi nyeupe yenye dirisha, ili kioo kisiiguse picha, kwa sababu unyevu hukusanyika juu ya kioo na karatasi hugandamana nacho. Pande zote pabaki nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya picha na fremu, karatasi ipate pa kutanukia. Nyuma ya fremu vibandikwe vipande vidogo vya mti katika pembe za chini, hewa ipite. Wala isitundikwe kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, au mahali jua linapoingia mchana.

Wako wasemao kwamba haya yote ni anasa. Wasema shule ina haja ya madawati na vitabu, na picha ni karatasi tu. Haja hizo nazijua kwa kuwa nami nimekaa watu watatu katika dawati moja. Lakini kunyoosha picha hii hakukutoa dawati hata moja darasani. Kulitaka taulo, tranka, vikombe na uangalifu. Na kuhusu kusema ni karatasi tu, vyeti vyetu vya mtihani ni nini? Hati za viwanja vya baba zetu ni nini? Katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, wasanii kama George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, walichapa picha zao kwenye karatasi, na sasa picha za Lilanga hutafutwa na watu wa nchi za mbali. Asiyejua kutunza karatasi yake atakuja kuinunua kwa wengine.

Wengine wasema, tuipige picha kwa simu, tukachape nyingine kubwa mjini Sumbawanga, iliyonyooka kabisa. Tufanye hivyo, sina ubishi, ili pawepo kumbukumbu. Lakini nakala hiyo itakuwa picha ya picha. Haitakuwa na ile alama ambayo ubao uliacha katika karatasi, ambayo ukiipapasa kwa kidole mgongoni waisikia. Pale ndipo mkono wa mtu ulipobonyeza.

Walakini nisije nikawadanganya kwamba njia yetu ni muujiza. Picha imenyooka, lakini katika pembe ya chini mkono wa kushoto limebaki wimbi dogo. Tungeweza kurudia mara ya pili; tumeamua kuliacha. Mimi naona wimbi dogo si ugonjwa wa kuua. Mtu asiyekuwa na nafasi ya kufanya kazi hii vizuri, au mwenye picha ambayo wino wake wayeyuka, na aiache picha yake ilivyo, aiweke mahali pakavu, mpaka apate msaada. Picha yenye mawimbi yaweza kunyooshwa mwaka ujao. Picha iliyoungua haina mwaka ujao.

Naomba basi kamati ya mahafali isikubali gundi ya mbao kwa ajili ya uzuri wa siku moja. Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa katika chumba cha mtihani, na mvua zitaanza kupiga bati juu yetu. Hapo ndipo kazi yetu itakapopimwa, nasi tutakuwa tunaondoka. Nawaomba ninyi wa Kidato cha Tatu mwitazame picha hiyo mwezi wa Machi, mwandike katika gazeti hili kama maporomoko ya Kalambo yamesimama wima au la. Kama yamepinda, semeni wazi kwamba nilikosea.

Kuhusu ile picha ya mjomba, doa la pasi halitatoka, hilo nimelikubali. Lakini mikunjo yake huenda ikalegea. Safari hii nimeuliza kwanza. Nilimpigia mama simu, nikamweleza habari za tranka na taulo na siku kumi na nne, nikamwomba ruhusa nijaribu nitakapomaliza mtihani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nitakuja kwenye mahafali. Kwanza niione ya shule.”